Chupa Iliyokwama

Nakumbuka siku moja mjini Tanga, na kabla sijaisimulia, nitenge mambo mawili. Nililolisikia ni kwamba kijana mmoja wa mtaa wa Ngamiani alikuwa akiwafundisha wenzake uhipi: nywele za kutimka, suruali za kubana, dharau kwa wakubwa. Nililoliona ni hili lifuatalo.

Mwanangu, miaka ile baada ya uhuru vijana wengi walivaa kwa ukaidi. Wengine, nami nikiwamo, tulijipa kazi ya kuwarudi. Kipimo chetu kilikuwa chupa ya soda. Tuliipenyeza kwenye mguu wa suruali kutoka chini; ikipanda hadi gotini, unaachiwa. Ikikwama, suruali inakatwa papo hapo, mbele za watu.

Asubuhi hiyo tulimkuta kijana huyo akienda kuomba kazi ya ukarani, vyeti kwapani.

"Hipi wetu huyo! Umependeza, bwana harusi," mwenzangu akamtania. "Lete mguu."

"Kaka zangu, natakiwa ofisini saa tatu. Niacheni."

Niliinama mwenyewe. Mguu wa kulia, chupa ilipita. Wa kushoto, ikakwama.

"Si suruali, kaka," akaninong'oneza. "Ni mguu."

Nilidhani ananikejeli. Watu walikuwa wakicheka, na kicheko chao kilinipa kichwa. Nikaipasua suruali kwa mkasi hadi pajani.

Ulikuwa mguu wa matende, umevimba toka gotini hadi karibu na kifundo. Kicheko kilikatika ghafla. Nilibaki nimepiga magoti, mkasi mkononi.

Jana, hapa ughaibuni, Fairfield, tukiwa tumefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, ulinionyesha kwenye simu picha ya jirani yetu Mkongomani. Hakuvaa barakoa. Ulikuwa tayari kuisambaza na maneno kwamba ametoka kwenye maandamano ya mjini ya kupinga ubaguzi, anatuletea maradhi. Nilikuuliza ni nani aliyemwona huko. Ukanijibu kwa Kiingereza kwamba kila mtu anasema. Mtu huyu akifukuzwa kazi kwenye bohari kule Ingleburn, wanawe watakula nini?

Simkatazi mtu kuandamana, wala kupinga dhuluma. Hata hao wenye suruali za kubana walikuwa na hoja ambazo hatukuzisikiliza. Nakukataza kumhukumu mtu kwa habari usiyoishuhudia. Kamuulize mwenyewe, ukisimama mbali kama tulivyoamriwa. Kama huwezi kumuuliza, ifute picha hiyo leo. Mwenyezi Mungu akupe macho yanayotazama mara mbili, na akuepushe na aibu isiyofutika.

Utataka kujua kama kijana yule aliipata kazi. Niliambiwa mengi, na siyaandiki. Ninaloweza kuliapia ni kwamba aliishika suruali yake kwa mkono mmoja, akarudi alikotoka, akapita karibu yangu kabisa, na sikumwomba radhi.