Kiwiko cha Pili

Pua yangu ilivunjika asubuhi, jua halijapata ukali, ndani ya bwawa la kumwagilia mpunga nje kidogo ya Ifakara. Aliyeivunja ni mtu niliyekuwa nikimchukia kwa mwaka mzima.

Mimi ni fundi seremala. Natengeneza vitanda na milango huku Viwanja Sitini, na nilipokaribia miaka arobaini na tano nilianza kukimbia alfajiri, kwanza kwa ajili ya presha, baadaye kwa sababu niliona siwezi kuacha. Kutoka kukimbia nikaingia kwenye mashindano ya michezo mitatu: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na saa haisimami hata wakati unafunga viatu. Vijana walishindana wao kwa wao. Sisi wenye umri wa arobaini hadi arobaini na tisa tulikuwa na kundi letu, na kundi lenyewe lilikuwa watu watatu.

Mke wangu hakulielewa jambo hili hata kidogo.

"Mtu mzima akikimbia barabarani," alikuwa akiniambia, "ujue anafukuza au anafukuzwa. Wewe ni yupi?"

Mwaka wa kwanza nilikuwa nafukuza. Mbele yangu alikuwa dereva wa trekta kutoka mashamba ya miwa, mzaliwa wa Kigoma, mabega kama kabati. Ziwa lilimlea; majini alikuwa samaki. Nilimkuta kwenye kukimbia, tukaenda bega kwa bega mpaka karibu na utepe, akanipiga bega, nikayumba, akapita. Kisha akageuka akacheka mbele ya watu, mke wangu akiwemo. Nilikibeba kicheko kile mwaka mzima. Kila nilipopiga randa niliuona uso wake kwenye ubao.

Mwaka wa pili nilirudi nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Mtoni hatukuogelea, Mto Kilombero una mamba na viboko, na hakuna mwandaaji mwenye akili ambaye angetutupa humo. Tuliingia kwenye bwawa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, wote kwa pamoja, vijana na wazee. Filimbi ilipolia maji yaligeuka kuwa ngumi. Asiyewahi kuanza mbio za namna hiyo anadhani kuogelea ni mchezo wa upole. Mtu anakukanyaga mgongo, mwingine anakupiga teke la taya, unapandisha kichwa upate pumzi na unameza povu la miguu ya mwenzako. Hakuna anayeomba radhi.

Yeye alikuwa kushoto kwangu. Nilimjua kwa mabega. Tulipofika kwenye boya la kwanza tukabanana, na kiwiko chake kikanipiga shavuni. Niliona nyota. Nikamshika kisigino nikamvuta chini kwa nguvu zangu zote. Nilimhisi akizama, akitapatapa, nami sikumwachia haraka. Alipoibuka alinitazama, macho mekundu, akanipiga kiwiko cha pili. Hicho kilitua katikati ya pua. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu kinapovunjwa kwa mguu.

Nilitoka majini damu ikinichuruzika mpaka kitovuni. Msimamizi mmoja alinishika mkono. "Mzee, pumzika, hii si hali." Nikamsukuma. Pale penye baiskeli kila mshindani alikuwa na kitambaa cheupe chenye namba yake, cha kufunga kifuani. Changu nilikikunja nikakisokomeza puani, kilipolowa nikakitupa njiani. Niliruka juu ya baiskeli yangu, nyekundu, nyembamba, ya mashindano hasa, niliyoazimwa na shemeji yangu wa Morogoro. Nyuma yangu dereva wa trekta, aliyenitangulia kutoka majini, alikuwa bado anahangaika na viatu. Nilicheka kwa sauti, na damu ikaniingia mdomoni.

Njia ya mwaka ule ilikuwa mpya: kuelekea Idete, kugeuza, kurudi mjini. Gari la matangazo lilikuwa limepita vijijini kutangaza, lakini ulikuwa msimu wa kuvuna, na watu wengi walikuwa wamelala mashambani kulinda mpunga. Waliolisikia walikuwa wachache. Vijana wenye mbio walinipita mapema, wakatoweka mbele na vumbi lao. Nikabaki peke yangu, kichwa chini, nasikia pumzi yangu ikikoroma kwenye koo.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Watu wake wengi ni watu wema. Mambo haya niliyajua baadaye: alfajiri ile mwizi alikuwa ameingia kwa mkulima mmoja pale, akamkata panga la mkono, akachukua baiskeli. Majirani walimfukuza, wakamrushia mawe, wakasema yamempata usoni, lakini akawaponyoka kwenye majaruba ya mpunga. Tangu hapo walikuwa wamesimama barabarani na hasira zao, hawana pa kuzipeleka. Kundi la vijana wenye namba lilikuwa limepita kasi, watu wakalishangaa tu. Kisha nikatokea mimi: mtu mzima, peke yake, hana namba, uso umejaa damu, nguo zimelowa matope, anakimbiza baiskeli ya thamani kama mwenye shetani.

"Ndiye huyo!" Sauti ya mwanamke. "Mwizi! Mwizi huyo!"

Nilitazama nyuma kuona mwizi ni nani.

Mtu mmoja akatia mpini wa jembe kwenye tairi la mbele. Nilipaa. Nilitua kwa bega, na mfupa wa mtulinga ukakatika. Nikaburuzika kwenye kokoto mpaka karibu na mtaro. Kabla sijavuta pumzi walikuwa wamefika.

Pigo la kwanza lilikuwa la fimbo, mgongoni, na niliweza kulihesabu kama pigo. Baada ya hapo hayakuwa tena mapigo, ilikuwa kama mvua ya mawe, haina mwanzo wala mwisho, inatoka pande zote. Kisigino kilinikanyaga vidole. Mtu alinipiga tofali mbavuni, nikasikia kitu kikiachia. Nilipiga kelele: "Mimi ni mshindani! Nipo kwenye mashindano!" lakini mdomo ulikuwa umejaa damu, na maneno yalitoka kama ya mlevi.

"Anasema nini?"

"Eti mashindano."

"Atashindana na Mungu wake leo!"

Wakacheka. Nilikuwa nawaona miguu tu. Kulikuwa na malapa ya bluu, mabuti ya shambani, na miguu mitupu ya mwanamke mwenye kanga iliyolowa umande, ambaye kila mara alisogea, akanipiga teke moja, akarudi nyuma kama aliyeogopa. Kisha mtu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi dukani: "Leteni tairi." Nikasikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, na harufu ya petroli ikanijia. Nililia. Sikumwita Mungu, sikumkumbuka mke wangu, nililia kama mtoto anayechapwa, nikisema "basi, basi, basi."

Nikasikia breki za baiskeli zikikwaruza, na sauti nzito.

"Wallahi mtaua mtu bure! Tokeni!"

Hawakutoka. Ndipo kitu kizito kikaniangukia mgongoni, kikanifunika mwili wote, kinanuka jasho na matope ya bwawa. "Usiinue kichwa," aliniambia sikioni. Alikuwa dereva wa trekta. Angeweza kupita. Njia ilikuwa wazi, na mimi ndiye pekee aliyekuwa mbele yake katika kundi letu. Wakaendelea kupiga, sasa wanampiga yeye. Kila pigo lililotua kwake lilinifikia na mimi, hafifu, kama mlango unaogongwa chumba cha pili. Alikuwa amenifunika kisogo kwa viganja vyake, na fimbo iliposhuka hapo nilisikia vidole vyake vikivunjika juu ya kichwa changu. Hakupiga kelele. Aliguna tu, kama anayeinua gunia.

"Na huyu ni mwenzake!" mtu akapayuka.

"Ndiyo, ni mwenzangu!" akajibu. "Tazama kifuani kwangu! Tazama namba! Hamna macho?"

Sijui kama wangetazama. Kilichotuokoa ni pikipiki ya mwamuzi, iliyofika na filimbi ikipulizwa mfululizo, na nyuma yake washindani kadhaa waliokwisha kugeuza Idete wakirudi mjini, wote na namba zao kifuani. Waliposimama, kijiji kikatazama namba zile. Fimbo zilianguka moja moja. Mwenye chupa aliifunga vizuri, akaiweka chini ya mgomba, akaondoka akitembea polepole.

Mwanamke wa kanga alileta maji kwenye bakuli akaanza kunipangusa uso. "Pole baba. Pole sana. Tulijua ni yeye." Damu ilipofutika, mvi zangu zikaonekana. Mwanamume mmoja, ambaye alikuwa bado ameshika mpini, aliinama akanitazama.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikamjibu.

Mpaka leo jibu lile linaniamsha usingizini kuliko fimbo. Lilitoka lenyewe.

Walitupeleka hospitali mjini kwa gari la mpunga, tumelala juu ya magunia, yeye na mimi, na kila shimo la barabara lilinitoa yowe. Nilishonwa kichwani, nikafungwa bega, mbavu wakasema zitajiunga zenyewe. Yeye alifungwa vidole vitatu, na mgongo wake ulikuwa umevimba kama ubao uliolala kwenye maji. Tuliwekwa vitanda vya jirani. Mke wangu alipoingia alinikagua kichwa hadi miguu. Kisha akamgeukia dereva wa trekta.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemvunja pua, shemeji," akasema. "Hayo mengine si yangu."

Mke wangu aliketi kitandani kwangu akalia kwa hasira. Alitulaani wote wawili, na baiskeli, na aliyeibuni baiskeli. Alipomaliza akampa uji wa kwanza yeye, kwa kijiko, kwa kuwa hakuweza kushika.

Mke wangu alipotoka nje nilimuuliza mwenzangu jambo lililokuwa likinikera kuliko maumivu.

"Vile viwiko. Ulikusudia?"

Akafikiri. "Cha kwanza, hapana. Watu walinisukuma. Cha pili, ndiyo. Ulitaka kunizamisha, bwana."

"Nilitaka."

"Basi."

Niliangua kicheko, mbavu zikanichoma mpaka nikalia machozi, na yeye akacheka akinizuia nisicheke. Jioni tukaletewa habari kwamba kundi letu lilikuwa limepata mshindi: yule mwenzetu wa tatu, mwalimu wa dini mwenye baiskeli ya kubebea mpunga, alifika mwisho kabisa, utepe umeshakunjwa, wakaukunjua tena kwa ajili yake.

Polisi walikuja wakauliza nani alinipiga. Niliwaambia nilichokiona: malapa, mabuti, kanga. Wakaandika, wakaondoka, na hakuna aliyekamatwa.

Siku chache baada ya kurudi nyumbani, wakaja wageni. Mwenyekiti wa kitongoji kutoka kijiji kile, mzee mwenye adabu, na wanawake wawili, wamebeba jogoo na mchele. Mmoja alikuwa yule wa kanga. Walikaa sebuleni wameinamisha vichwa. Mzee aliomba radhi kwa maneno mazuri, akasema shetani aliwapitia. Niliwaambia nimesikia. Ndipo, kama mtu anayetaka kumfariji mgonjwa, akaongeza:

"Halafu usiwe na wasiwasi, fundi. Yule mwenyewe tulimpata."

Mke wangu alikuwa anaweka vikombe vya chai. Akasimama.

"Mlimpata lini?"

"Siku ile ile, jioni."

"Alikuwa na baiskeli?"

Mzee akamtazama yule wa kanga. Yule wa kanga akatazama sakafu.

"Hapana," mzee akasema. "Ila alikimbia."

"Alikimbia," mke wangu akarudia. "Yuko wapi sasa?"

Chai ilipoa. Nilitaka kuuliza alikuwa mtu wa wapi, kama alipiga kelele na alisema nini, kama kulikuwa na mtu aliyejaribu kumfunika. Sikuuliza. Mke wangu alimchukua jogoo kwa miguu, akamweka mikononi mwa yule mwanamke, taratibu, akafungua mlango. Wakainuka wakatoka. Na mchele akawafuata nao mpaka njiani.

Usiku huo aliniambia, "Umekaa nao kama wageni." Nikasema, "Ni wageni." Akageukia ukutani.

Bega lilipopona nilianza tena. Dereva wa trekta alikuja mara kwa mara siku za mapumziko, tukafanya mazoezi pamoja. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji tena, na anashika usukani kama anayeonyesha njia. Mbio zilizofuata zilipita njia ile ile, na safari hii wasimamizi walisimama kila kijiji na bendera. Nilitoka majini mbele yake kwa mara ya kwanza maishani. Namba nilikuwa nimeifunga kifuani na mgongoni.

Nilipofika kwenye nyumba za kwanza za kijiji kile, neno la yule mzee, "alikimbia," likanirudia. Nikashika breki. Nikashuka, nikaanza kusukuma baiskeli, natembea katikati ya barabara, nasalimia kila upande. Watu waliitikia. Wengine walipiga makofi, wakidhani nimechoka. Dereva wa trekta akanifikia.

"Panda!" akanipigia kelele. "Panda, mtu wangu, niko nyuma yako!"

Nilitikisa kichwa. Akasita kidogo, akanyonga pedali, akaenda zake. Nilisukuma baiskeli mwendo ule wote mpaka nyumba ya mwisho, nikapanda.