Lori la Taka na Kura Zetu

Shemeji yangu ameendesha lori la taka la manispaa miaka kumi na tisa. Mwezi wa nne huu limelala uani kwa kukosa klachi, maana fungu la matengenezo hutoka serikali kuu. Juzi alipeleka barua wizarani mara ya tatu. Karani akamuuliza, "Mzee, kwenu si mlichagua wapinzani? Waombeni wao."

"Mwanangu, taka hazipigi kura," shemeji akamjibu.

Mji jirani, uliochagua chama tawala, umepewa malori mawili mapya. Moja halina hata dereva! Na kodi tunalipa sawa. Mimi si mtu wa hasira, lakini hili limenikaa kooni.

Jana shemeji alichukua toroli azoe taka mwenyewe, akaanzia kwa jirani yetu, mpiga debe wa chama tawala.

"Wewe ulichagua vizuri," akamwambia. "Mbona nzi waliojaa hapa kwako hawajui hilo?"