Uso wa Fisi

Watu wa kwetu wanapenda picha ya simba, ila hawana subira ya kungoja simba ageuke. Kila Agosti shule zikifungwa, kaka yangu mkubwa hujaza watoto, chapati na soda kwenye gari lake, hunipitia hapa mtaani Pioneer alfajiri, na hupiga honi mpaka majirani wote wajue tunakwenda kuangalia wanyama. Bustani yenyewe iko mwendo wa saa mbili hivi kutoka Eldoret. Mimi huchukuliwa kwa sababu moja tu, nayo ni lenzi.

Ni lenzi ndefu, kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Niliinunua kwa kazi ya harusi, maana wachungaji wengi hawataki mpiga picha asogelee madhabahu, na mimi sitaki kusukumwa na mashemasi. Nikisimama mlangoni mwa kanisa naweza kumvuta bibi harusi mpaka machozi yake yahesabike. Kwa wanyama inafanya kitu kingine. Ukiisogeza karibu na uzio, ukafungua tundu lake lote, na mnyama awe mbali kule nyuma, waya unapotea kabisa kwenye picha. Simba wa kufungiwa anatoka kama simba wa porini. Watoto wa kaka huuliza waya umeenda wapi, na baba yao huwajibu kwamba shangazi yao ni mganga.

Basi mganga huyo hufokewa siku nzima. Piga twiga! Piga nyani kabla hajashuka! Piga mtoto na twiga, na mtoto acheke! Nikiomba dakika tano simba ainue kichwa, mke wa kaka anaangalia saa. Kufikia saa nne asubuhi damu yangu inachemka, na jioni wanaambiana eti nina kisirani, huku picha zangu wameshaziweka kwenye simu zao bila hata asante. Niliyavumilia hayo miaka mingi kwa ajili ya watoto.

Mnyama ambaye hatukuwahi kumpiga picha ni fisi. Kwetu Wanandi kila ukoo una mnyama wake. Humuui, humtukani, na mkikutana njiani unampisha kama mtu wa nyumbani. Koo nyingine zilipata simba, nyingine ndovu, nyingine korongo mwenye taji. Sisi tulipata fisi. Nikiwa shule ya msingi mwalimu alitaka kila mtoto ataje mnyama wa ukoo wake, nikasema nimesahau. Kaka yangu, aliyekuwa madarasa mawili mbele, alisema wetu ni simba. Alipookoka ukubwani hakuhitaji tena kudanganya. Alitangaza kwamba mambo ya wanyama wa ukoo ni ya giza, akayafunga. Kwa hiyo kila mwaka tukifika kwa fisi alipita mbio, ameziba pua, nasi sote nyuma yake.

Mwaka juzi tulimchukua baba. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, tukaona si vizuri mzee abaki nyumbani Sugoi peke yake akiongea na ng'ombe. Alivaa koti la Jumapili na kofia yake. Simba alimwangalia kidogo tu, vile mtu anavyoangalia trekta ya jirani. Twiga alimfurahisha. Tulipofika kwa fisi, kaka akaongeza mwendo kama kawaida yake, na baba akasimama.

Akavua kofia, akaishika kifuani, akasema, "Chamgei." Ni salamu ile ile anayompa jirani asubuhi kwenye lango. Fisi alikuwa amelala nyuma ya birika la maji, kwenye kivuli, tunamwona mgongo na sikio moja. Baba akasema tena, chini chini, neno nisilolishika.

Watoto wakaangua kicheko. Binti wa kaka, wa miaka kumi na mitano, alikuwa tayari ameinua simu anamrekodi babu yake. "Woiye, Kugo anabonga na fisi!"

Kaka akarudi mbio. "Baba, twende. Watu wanaangalia."

"Wacha waangalie," baba akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Hii mashine yako inaweza kunionyesha uso wake?"

"Inaweza, akiamka."

"Basi nangoja."

Baba hakuwa ameniomba picha maishani mwake. Nilipoacha chuo cha ualimu nikashika kamera alininunia mwaka mzima, na hata baada ya hapo aliita kazi yangu "hiyo kitu yako". Sasa amesimama, kofia kifuani, anataka kitu ambacho mimi peke yangu ningeweza kumpa. Nilitaka uso wa fisi yule kuliko nilivyowahi kutaka picha yoyote.

"Tungoje nini? Fisi?" kaka akauliza. "Mvua inakuja, watoto wako na njaa."

"Nendeni mkule, tutawapata."

"Unapigia shetani picha, na unaingiza mzee kwa hiyo maneno." Akaweka mkono juu ya lenzi, anaishusha.

Nilimwambia shetani hana manyoya, na kwamba akiacha mkono wake hapo sekunde moja zaidi ataondoka nao ukiwa na bendeji. Nilisema kwa sauti. Mke wake akawakusanya watoto akawapeleka kwenye chapati, na kaka akawafuata akitikisa kichwa.

Tulingoja karibu saa nzima. Manyunyu yakaanza, baba hakuvaa kofia. Familia zilipita, zikacheka, zikaziba pua. Mwanamume mmoja akarusha gunzi la mahindi ili mnyama aamke. Baba akamwomba kwa upole asirudie, mimi nikamwambia kwa lugha isiyo ya upole. Mwishowe fisi akainuka mwenyewe, akajinyoosha, akaja kwenye birika, akanywa. Kisha akainua kichwa akatuangalia moja kwa moja, maji yakimdondoka kidevuni. Nilibonyeza mara tatu.

Baba akaishika kamera kwa mikono miwili. Aliangalia kile kioo kidogo kwa muda mrefu, akakipangusa kwa kidole gumba, akaangalia tena.

"Kumbe macho yake ni brown," akasema.

Jioni ile niliweka picha arobaini kwenye grupu ya familia. Simba walipata mioyo na moto. Fisi alikaa dakika mbili, halafu pakaandikwa kwamba ujumbe umefutwa na admini, ambaye ni kaka. Nikamrudisha. Akamfuta. Nilipomrudisha mara ya tatu nikaondolewa mimi mwenyewe kwenye grupu. Ndugu mmoja alinionyesha baadaye kilichobaki: ile video ya baba akisalimia, na chini yake binamu kutoka Nairobi hadi Kitale wamejaza vikaragosi vya kucheka mpaka kulia. Hiyo hakuna aliyeifuta. Uso wa fisi ni dhambi, kumcheka mzee wa miaka sabini na minane ni sawa. Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe, na sikukivunja kwa bahati mbaya.

Nikaichapisha picha ile kwa ukubwa, nikaitia fremu ya kioo, nikaipeleka Sugoi. Sebuleni kwa baba picha zimetundikwa juu karibu na dari, zimeinama kidogo mbele: harusi yao, kaka akiwa na joho la chuo, mama akiwa na kitambaa cha kichwa cha Umoja wa Akina Mama. Baba akanionyesha mahali, ukutani mkabala na kiti chake. Nilipiga msumari, nikatundika, tukakaa kunywa chai.

"Baba, kwa nini unampenda hivi?" nikamuuliza.

"Nani alisema nampenda?"

Akaniambia aliua mmoja. Alikuwa kijana, amebatizwa karibuni, ana ng'ombe wake wawili wa kwanza wa gredi, wale wa maziwa mengi. Fisi akaja akamla ndama. Majirani wa koo nyingine walimshauri amwite mama yake azungumze na mnyama wao, maana ilikuwa ikifanyika hivyo. Baba aliwacheka. Alichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaipaka kwenye mabaki ya yule ndama, akayaacha hapo. Asubuhi watoto walikuja wakasema fisi amelala karibu na mto, hapumui. Baba hakwenda kuangalia. Aliendelea kukamua.

Mama yake ndiye aliyekwenda. Alimfunika yule fisi kwa majani, akakaa naye mpaka jua la mchana. Tangu siku ile hakupokea tena maziwa kutoka mkononi mwa mwanawe. Alikula ugali wake, alivaa shuka alizomnunulia, alibeba watoto wake mgongoni, lakini maziwa, hapana.

"Hata siku ya mwisho," baba akasema. "Nilimpelekea na kijiko. Akafunga mdomo."

Nyanya yangu huyo ninamkumbuka. Nilidhani hakupenda maziwa.

"Kule kwa uzio sikuwa nasalimia tu," baba akaendelea. "Nilikuwa naomba msamaha. Na huwezi omba msamaha mtu amekupea mgongo. Ndio nikataka uso."

Nilimuuliza kwa nini asimwambie kaka, mambo yaishe.

"Nikimwambia, atasema nilifanya vizuri."

Nilijua ni kweli, na hapo hasira yangu ikamgeukia yeye. Nilimuuliza ni nani aliyetulea tukisema tumesahau. Ni nani aliyekuwa akimnyamazisha nyanya kila alipotaka kutuambia habari za ukoo, na kusema hayo ni ya washenzi? Kaka hakuyaokota barabarani. Niliyasema yote, mbele ya chai, kwa mzee asiye na mke wa kumtetea.

"Ni mimi," baba akasema, akaongeza sukari.

Nilirudi Pioneer nikiwa na hasira na watu wawili. Kabla sijaondoka baba aliniomba nisimwambie mtu, nikaahidi. Nilinyamaza mpaka sasa, na sasa naandika. Kaka akisoma, na asome.

Wiki tatu baadaye kaka aliiona picha ile ukutani, akanipigia simu. "Kuja Sugoi. Mzee anaombewa."

Nilipanda boda nikafika nimejaa vumbi. Sebule ilikuwa imejaa watu: mchungaji, akina mama sita wa kanisa, kaka amevaa tai. Fisi alikuwa amegeuziwa ukuta, tunaona kadibodi ya nyuma na mhuri wa studio yangu. Nikafungua mdomo.

"Kaa," baba akaniambia. Nikakaa, nikaikunja mikono isifanye kitu.

Mchungaji ni mtu mpole, sina neno naye. Alivuta kiti karibu na baba. "Mzee, unajua kwa nini tumekuja. Uko tayari kuombewa?"

"Mtaniombea nisamehewe?" baba akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Kabisa."

"Basi niko tayari."

Akainuka, akavuta stuli mpaka ukutani. Nilipoona anapanda nilikimbia kuishika. Akanyoosha mikono, akaigeuza fremu, na uso ule ukatutazama sote, maji yakidondoka kidevuni. Mama mmoja akaguna, mwingine akataja damu ya Yesu.

"Baba, hapana," kaka akasema, akasimama.

Mchungaji akamzuia kwa mkono. "Mwache. Anataka kumkana uso kwa uso."

Baba alishuka akinishika bega, akapiga magoti juu ya zulia, ameelekea ukuta. Wakamzunguka. Mikono minane ikatua kwenye kichwa na mabega yake, na wote wakafumba macho. Mimi sikufumba. Walianza kwa sauti ya chini ikapanda: roho ya fisi ifungwe, itoke katika nyumba hii, ichomwe, isionekane tena kwa kizazi cha tatu na cha nne. Sauti ya kaka ndiyo iliyokuwa juu ya zote, jasho likimtoka, mkono wake kwenye utosi wa baba ukimsukuma kwa kila neno.

Baba alikuwa macho. Kichwa kikisukumwa chini alikiinua tena, taratibu, akaangalia juu kwenye picha. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na nilikuwa karibu naye. Lilikuwa neno moja, analirudia kwa Kinandi, lile ambalo sikulishika siku ile ya manyunyu. Alikuwa anasema nisamehe. Wao walikuwa wanapiga kelele juu yake, yeye anasema nisamehe, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Nilitaka kuwaondoa mikono mmoja mmoja. Nilitaka kuwaambia mnamtoa nini mtu huyu, mnajua alilolifanya?

Nilikuwa nimeahidi. Niliushika mguu wa stuli kwa nguvu.

Kaka yangu alisema amina kwa sauti kuliko wote. Akajipangusa uso kwa leso, akainama, akamshika baba mkono kumwinua, na macho yake, kusema kweli, yalikuwa na machozi.

"Baba," akasema, "unasikia sasa uko mwepesi?"

"Bado," baba akasema, na hakuinuka.