Sauti Kutoka Upande wa Bonde

Harufu ya breki zilizoungua hunirudisha mlimani mpaka leo. Nilikuwa bado mdogo, na kombi ya Papa Kasongo, jirani yetu wa Yeoville aliyetoka Lubumbashi, ilikuwa imezeeka kiasi kwamba nadhani hata Nuhu aliikataa. Ilikuwa mwezi wa nne, baridi ya Johannesburg imeanza kung'ata na majani yanadondoka, alipotupakia mimi, baba na mama twende tukatazame milima ya Drakensberg. Mama alikuwa amepika pilau la kushibisha kikosi kizima cha jeshi. Tulizungushwa kona baada ya kona, nyasi za mlimani zimegeuka rangi ya simba, hadi breki zikaanza kunuka kwenye mteremko na Papa Kasongo akaegesha kando ya barabara.

"Eish, tungoje ipoe," alisema. "Hii gari iko na roho, inachoka sawa mutu."

Nilishuka kuchuma majani mekundu, nikasogea mbali kidogo. Hapo ukungu ukaja. Haukuja taratibu kama ukungu wenye adabu. Ulipanda kutoka bondeni ukameza kombi, barabara, na mikono yangu mwenyewe. Kimya kilikuwa kizito hivi kwamba, naapa, nilisikia nywele zangu zikiota. Halafu nikasikia jina langu. "Zuhuraaa!" Sauti ilikuwa ya baba, lakini ilitoka mbele yangu, na kombi nilikuwa nimeiacha nyuma.

Kwetu Tanga, na mama alikuja na jambo hili mpaka Yeoville, mtoto haitikii sauti ya mtu asiyemwona. Huenda ni jini anayejaribu jina, na ukiitika umemkaribisha. Nikakaza meno. Sauti ikaita tena, safari hii nyembamba zaidi, kana kwamba mwitaji alikuwa anajifunza.

Yaliyokuwa yakitokea barabarani nilisimuliwa baadaye. Baba alikuwa amepiga kelele mpaka sauti imekauka, kwa sababu kabla ukungu haujafunga alikuwa ameona nisichokiona mimi: karibu na pale niliposimama, ardhi iliishia.

"Mama Zuhura, mutoto iko kimya," Papa Kasongo akasema. "Ameanguka?"

Mama akamziba baba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, baba Zuhura. Haitiki kwa sababu nimemkataza mimi." Kisha akavuta pumzi, akaanza kunigombeza kwenye ukungu ule.

"Wewe Zuhura! Sufuria uliyounguzia uji umeificha chini ya kitanda, unadhani sijaiona? Na soksi moja ya shule umeitupa wapi? Jini gani anajua habari za soksi zako? Keti hapo hapo, usiinue hata unyayo!"

Nikaketi. "Abee, mama!" nikaitika, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Lesotho. Akaja akitambaa, akigomba njia nzima, mpaka mkono wake ukanikamata kifundo cha mguu. Ukungu ulipotawanyika, mbele ya magoti yangu palikuwa na nyasi kidogo, kisha hewa.

Ukubwani, shule ya usiku ilinifundisha kwamba ule ulikuwa mwangwi: sauti ya baba iligonga jabali la ng'ambo ya bonde ikarudi. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri mno, na ninaliamini, hasa mchana. Tatizo ni baba. Anaapa kwamba hakutaja jina langu hata mara moja, alikuwa akilia tu, "Mwanangu, mwanangu."

Siku hizi pale pana uzio wa chuma na mahali pa kuegesha magari. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kizulu. Alipiga picha, akazituma papo hapo. Alichokula asubuhi, viatu alivyovaa, ugomvi wetu wa njiani, vyote alikuwa ameshavitangaza mtandaoni kwa dunia nzima kabla hatujazima gari. Nikasimama karibu naye nikitafuta jambo moja la kumgombezea, dogo tu, ambalo tunalijua mimi na yeye peke yetu. Kule bondeni ukungu ulikuwa umeanza kupanda.