Sweta Juu ya Skrini

Sekretari wa kampuni ya maziwa mjini Kisii alikuwa na desturi moja ambayo Kemuma, karani wa meza ya pili, hakuizoea kamwe. Barua na maagizo yote yalihifadhiwa kwenye kompyuta ya Nairobi. Ukitaka kuyasoma, kompyuta ya hapa iliyavuta kwa waya wa simu, ukurasa baada ya ukurasa, mwendo wa kinyonga. Basi kila alipofungua faili, yule mama sekretari alivua sweta lake la kijani akaifunika skrini, kisha akatuliza kiganja chake kipana juu ya simu, maana mtu akiinua mkonga wa simu tu, laini hukatika. Kuchungulia kulikuwa marufuku. Meneja aliwahi kusoma ukurasa wa kwanza, "Msipokee maziwa ya Nyansiongo," akaamuru madebe yote yamwagwe mtaroni. Wa pili ulipofika ukamalizia: "kabla ya kuyapima."

"Nusu ya neno ni sumu," yule mama alizoea kusema kwa sauti yake ya kukwaruza, akipangusa kibodi kwa kidole gumba.

Ijumaa hiyo yaliyokuwa yakija ni majina ya watakaoachishwa kazi. Sweta lilikuwa mahali pake. Kemuma aliona pete ya yule mama ikigonga simu, tena na tena.

"Mama, vumilia, imebaki kidogo tu," alinong'ona.

Yule mama aliuinua mkonga taratibu, akauweka sikioni. Kompyuta ikaacha kuvuta majina.

"Laini imekatika yenyewe," akasema. "Tutajaribu Jumatatu."