Wali wa Kwanza wa Mashine

Zamani mashine haikutoka Kasongo kabla fundi aliyeiunda hajala wali wake nyumbani kwa mwanamke atakayeitumia. Kisha ukaja wakati ambapo ilitoka pale kipande cha karatasi kilipohamishwa kutoka upande mmoja wa ubao kwenda upande wa pili.

Bulaimu aliziona nyakati zote mbili. Alizaliwa Kasongo katika nyumba ya Waislamu waliouza nguo na chumvi, lakini biashara haikumwingia. Ujanani alifagia kwenye kiwanda cha mpunga cha Mgiriki mmoja, na Mgiriki alipofunga akaondoka, Bulaimu alibaki na kitabu cha mashine cha Kifaransa kisicho na jalada. Alikisoma kwa miaka, neno kwa neno, leo akimwuliza mwalimu, kesho akimsimamisha padri njiani. Mengine alifundishwa na fundi Iliasi, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko: kupima unene wa bati kwa kidole, kusikiliza chuma kinavyolia ndani, na desturi ya wali.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Ukiunda mashine mpya ya kukoboa mpunga, unaunda moja tu. Unaipeleka mwenyewe kwa mwenye kuitumia. Anakoboa, anapika, anakuwekea kigoda kifupi na sahani. Wewe unakula, yeye anasema kila baya aliloliona, na humjibu hata neno moja.

"Ndiyo maana tunakula," Iliasi alisema. "Mdomo uwe na kazi nyingine."

Ukishiba unarudi, unarekebisha, ndipo unaunda ya pili.

Mara ya kwanza Bulaimu alikula Nyangwe, kwa mke wa mvuvi. Mama yule alimwacha ameze matonge mawili, akaanza. "Umeniletea mashine ili kinu changu kipumzike. Sasa kinu ndicho ninachokipanda nipate kumimina mpunga huko juu ulikouweka mdomo wa mashine. Au ulinipima ukafikiri mimi ni mnazi?" Bulaimu aliyameza maneno pamoja na wali. Aliporudi alikata miguu ya mashine kwa urefu wa mkono, na mashine zake zote zilizofuata zilikuwa fupi. Wanawake walizijua kwa ufupi huo hata kabla ya kuuliza zimetoka kwa nani.

Iliasi alikufa, karakana ikabaki kwa Bulaimu. Aliunda mashine mbili kwa mwaka, mwaka wa vita hakuunda hata moja. Mkewe Soraya, mzaliwa wa Kabambare, naye alikufa. Nywele za Bulaimu zilikuwa nyeupe zote siku aliporudi Faradji.

Faradji alikuwa mtoto wa Nuru, jirani na rafiki wa Bulaimu. Alikuwa amesoma uhandisi Lubumbashi, na shirika moja la maendeleo lilimtuma na agizo: mashine kumi na mbili za kukoboa, kwa vikundi vya wanawake wakulima wa Kabambare, zifike kabla ya mavuno ya Januari. Angeziunda katika karakana ya Bulaimu, pamoja naye na fundi wa kuchomelea aitwaye Kassimu. Kila mashine ingeandikwa ubavuni jina la karakana. Bulaimu alikubali kwa sababu ya jina hilo. Mtu wa umri wake, asiye na cheti hata kimoja, alikuwa na nini kingine cha kuacha duniani?

Kijana alikuja na njia yake ya kazi. Alisema mambo mengi karakanani ni upotevu: kutafuta nyundo, kungoja chuma, kuunda kitu kisha kukibomoa, kukaa na wazo kichwani mwezi mzima bila kulijaribu. Alitundika ubao ukutani, akaugawa kwa chaki, na kila kazi ikaandikwa kwenye karatasi iliyosafiri upande kwa upande mpaka imalizike. Kazi iliyokwama, au iliyoonekana haina faida, ilipelekwa kwenye pembe iliyopakwa rangi nyekundu. Kila asubuhi watu watatu walisimama mbele ya ubao ule kama wanaoswali.

Ukweli usemwe. Sehemu kubwa ilikuwa kweli. Kabla ya Faradji, Bulaimu alipoteza nusu ya asubuhi akitafuta bisibisi aliyoikalia. Sasa kila chombo kilikuwa na msumari wake ukutani. Faradji hakutaka mchoro mzuri. Alitaka mashine mbaya ya haraka, ijaribiwe, makosa yaonekane mapema yakiwa bado madogo. Mwezi wa Julai walijaribu mashine tatu uani, na wanawake kumi wa mtaani wakaleta mpunga wao, wakakoboa, wakacheka, wakakosoa. Ya tatu ilitoa mchele mzima mweupe kama meno. Bulaimu aliusugua kiganjani akafurahi, lakini hakumwambia mtu kwamba amefurahi. Kosa lake la kwanza lilikuwa hilo.

La pili lilikuja Agosti. Bulaimu alikuwa amejiandikia karatasi yake mwenyewe, akaibandika ubaoni: safari ya Kabambare, siku kumi na mbili.

"Hizi siku kumi na mbili ni za nini, Mzee?" Faradji aliuliza.

"Kupeleka mashine moja. Nikae, nile, nirudi."

Kassimu aliangua kicheko. "Shefu, andika vizuri. Mzee anaenda kula wali kwa mama wa watu, anaita kazi. Na mimi nipe hiyo kazi! Tumbo niko nalo."

Faradji hakucheka, na hilo lilimuumiza Bulaimu kuliko kicheko. Alizungumza kwa upole, kama daktari. "Mzee, hapa uani wanawake kumi wameshakoboa. Mvua inakuja, barabara ya Kabambare unaijua. Kungoja siku kumi na mbili kwa sahani moja ya wali ni upotevu." Akaitoa karatasi mahali pake, akaibandika kwenye pembe nyekundu.

Bulaimu aliitazama. Akamkumbuka Soraya, ambaye miaka yote ya ndoa yao aliucheka mpunga wa Kasongo. Kwao Kabambare, alikuwa akisema, wanavuna mvuani. Mpunga wao hauoni jua. Unapandishwa kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni, unakaa humo wiki mbili katika moshi mpaka unakauka kama mfupa. Ule uliojaribiwa uani ulikuwa umeanikwa kwenye jua la kiangazi. Mpunga wa moshi ungepasuka ndani ya mashine ile. Bulaimu alijua. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwenye ulimi.

"Mzee, iko neno?" Faradji aliuliza, akimtazama usoni.

"Hakuna neno."

Basi. Mtu aliyefundishwa kunyamaza mbele ya wali alinyamaza mbele ya ubao. Moyoni alisema: waende, wataona wenyewe. Mashine kumi na mbili zilipakiwa kwenye lori kabla ya mvua kubwa, jina la karakana limeandikwa kwa rangi ya buluu ubavuni mwa kila moja, na Bulaimu ndiye aliyeziandika, kwa mkono wake.

Januari, Antoine, dereva wa pikipiki wa njia ya Kabambare, alishusha mfuko mlangoni. Ulikuwa umejaa mchele uliovunjika vipande vipande. Chenga tupu.

"Mama Odile amewatumia," alisema Antoine. Odile ndiye aliyeongoza vikundi vile vya wanawake. "Anasema chakula cha kuku kimefika, sasa mutume kuku."

Faradji aliumwaga mchele mezani, akausambaza kwa kiganja. Katika njia yake ya kazi, jambo likiharibika unauliza kwa nini, kisha unaliuliza jibu lenyewe kwa nini, mara tano, mpaka ufike kwenye mzizi. Alianza papo hapo, chaki mkononi.

"Kwa nini umevunjika?"

"Mkavu kupita kiasi," alisema Kassimu, akiitafuna punje moja.

"Kwa nini mkavu hivyo?"

"Kule wanaukausha kwenye moshi," alisema Antoine kutoka mlangoni. "Hamukujua?"

"Kwa nini hatukuona tulipojaribu?"

"Tulijaribu mpunga wa hapa," Kassimu alijibu. "Wa jua."

"Kwa nini wa hapa tu?"

"Hakuna aliyekwenda kule, Shefu."

Faradji aligeukia ubao. Chaki ilikuwa imekatika mkononi mwake. "Kwa nini hakuna aliyekwenda?" Akajijibu mwenyewe. "Kwa sababu mimi niliipeleka karatasi ya Mzee kwenye nyekundu." Akaliandika hilo ubaoni, chini ya mengine manne, na jina lake mwenyewe mbele yake.

Maswali matano yalikuwa yamekwisha. Bulaimu angeweza kuliacha hapo. Kijana alikwisha kuubeba mzigo wote, tena kwa maandishi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alilitazama jina lile ubaoni, jina la mtoto aliyemwona akitambaa uani kwa Nuru.

"Futa," alisema.

"Nifute nini, Mzee?"

"Jina. Uliniuliza kama iko neno, nikasema hakuna. Lilikuwako. Soraya alinieleza mpunga wa moshi kabla wewe hujazaliwa. Nilijua."

Kassimu aliinamisha kichwa. Antoine alitoka nje akajifanya anapima upepo wa tairi. Faradji alimgeukia mzee yule.

"Nilikuuliza, Mzee," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

Hakulifuta jina lake. Aliandika la Bulaimu chini yake, akaipangusa chaki mikononi. "Kesho tunakwenda kula," alisema.

Walikwenda kwa pikipiki mbili, siku mbili katika tope, Bulaimu amefungwa mgongo kwa kitenge ili usimkatike. Odile aliwapokea uani kwake Kabambare, mwanamke mrefu, mikono yenye sugu. Mashine ilikuwa kibandani. Yeye alikuwa amerudi kwenye kinu.

"Ninyi ndio wenye lile jina la buluu?" aliuliza. "Vizuri. Kaeni. Mutakula."

Akawawekea vigoda, akawapakulia chenga zilizopikwa, zimeshikamana kama uji, na sombe, majani ya muhogo, pembeni. Wakaanza kula. Naye akaanza.

"Mashine yenu inapiga kelele kama mulevi, na inafanya kazi kama mulevi. Mupunga wa moshi hauingizwi hivihivi. Unatandazwa chini kwanza, usiku muzima, ushike ubaridi, ndipo unatwangwa. Kila mwanamuke wa hapa anajua. Nani aliniuliza? Alikuja mutu na simu, akanipiga picha nimeshika mashine, akaniambia cheka. Nikacheka! Hata muchele sikuwa nimeona."

Faradji alifungua kinywa. Bulaimu alimkanyaga mguu, taratibu. Kijana alikitazama kigoda chake, akaitazama sahani, akatia tonge kinywani, akanyamaza. Odile aliendelea mpaka sahani zikaisha.

Siku iliyofuata walitandaza mpunga kama alivyosema. Walikilegeza kisu kilichobana punje ndani ya mashine, wakabadilisha gurudumu la mkanda wakaweka kubwa zaidi, chuma kizunguke polepole. Siku ya nne mchele ulitoka mzima, wenye harufu ya moshi, kama ule aliokuwa akiusifu Soraya.

Lakini mashine zilizobaki na injini zilikuwa nne tu. Injini za nyingine nane zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na kupelekwa Salamabila, kuvuta maji katika mashimo ya dhahabu.

"Maji hayavunjiki," alisema Odile, bila kuomba radhi. Na kwa nini aombe?

Mgongo wa Bulaimu haukuweza kungoja tena. Faradji alisema atabaki, azirekebishe zile nne zote, kisha arudi Kasongo waanze upya, safari hii mashine moja moja. Karatasi ya safari, alisema, itakuwa ya kwanza ubaoni. Alisema kweli; hakuwa mwongo. Lakini shirika lilihesabu nne katika kumi na mbili, likafunga kazi kwa barua ya ukurasa mmoja, na barua ilimkuta akiwa bado Kabambare. Kutoka huko alipitia Kalemie, akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Katanga. Kassimu sasa anachomelea vyuma vya madirisha. Ubao ule ulichukuliwa ukawa mlango wa choo cha jirani. Mashine zinazouzwa Kasongo leo zinatoka mbali, ndani ya makatoni, hazina uso wa mtu nyuma yake. Zikivunja mchele, hakuna wa kulishwa.

Hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile Bulaimu alipanda nyuma ya Antoine, akafunga kitenge chake kiunoni. Uani, Odile alikuwa amepika mchele wa mashine iliyorekebishwa, wa kwanza kutoka mzima. Faradji alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamefika kifuani, sahani mkononi. Odile alikuwa amesimama mbele yake, mkono kiunoni, akimwonyesha kitu fulani kwenye mdomo wa mashine, akimgombeza, na shavu la kijana lilikuwa limejaa wali. Hakumjibu. Hakugeuza hata kichwa pikipiki ilipowashwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Bulaimu kuwaona.