Mtihani wa Barafu Shimanzi

Mimi si mtu wa kukataa jambo waziwazi. Nikiletewa neno nisilolitaka, hulikubali kwa sharti, na sharti hulichagua liwe zito kuliko neno lenyewe. Mke wangu ameijua tabia hii kwa miaka thelathini na minne, ndiyo maana akitaka ruhusa yangu haombi. Hutenda kwanza, kisha akaniarifu. Lakini binti yetu ni mtu wa adabu, na yeye aliomba.

Alikuwa muuguzi katika zahanati moja karibu na Shimanzi, mtaa wa maghala ya bandari, na alikuwa amepata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao katika nchi moja ya kaskazini, ambako karibu nusu ya mwaka barabara huwa imefunikwa na barafu. Mkataba ulieleza kwamba muuguzi ataendesha gari mwenyewe kwenda kwa wagonjwa. Karatasi hizo alituletea Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo nimeshiba pilau na huwa mpole. Akaketi mkekani, akasema safari ni mwisho wa mwezi, na kwamba kwanza anataka radhi yangu.

Ya mama yake alikwisha kuipata, kabla hata ya kunawa mikono. Ilibaki yangu mimi, na nilimjua mwanangu: bila radhi ya baba asingepanda ndege, hata mkataba ungeoza. Nikajiona nimeshika mpini.

"Mwanangu, sikukatazi," nikamwambia. "Lakini barafu si mchezo. Siku nitakayokuona kwa mato yangu mawili waendesha gari juu ya barafu, papa hapa Mombasa, siku hiyo radhi utaipata."

Mke wangu akanitazama kama amtazamavyo muuza nyama aliyeweka kidole kwenye mizani. Binti yangu hakubisha. Alisema, "Inshallah, baba," akakusanya karatasi zake, akaondoa sahani. Nami nikaenda kuswali Alasiri nikiwa mwepesi, maana barafu tuliyo nayo sisi hapa ni ile ya kutia kwenye maji ya ndimu.

Sasa niseme kidogo juu ya gari, kwa sababu nalo lina lawama yake. Ni gari dogo la fowili, injini yake husukuma magurudumu yote manne, na lilikuja limetumika kutoka Japani. Nililinunua nilipostaafu udereva wa malori. Baada ya miaka thelathini ya kuburuta trela za makontena Shimanzi, nilitaka kitu kinachoweza kuingia vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, bila kukwangua baraza ya mtu. Viti vyake hupata moto ukibonyeza mahali. Mke wangu alipabonyeza bila kujua mwezi wa Februari, akadhani ameshikwa na homa. Na kwenye dashibodi pana swichi yenye alama ya theluji. Kwa miaka sita nimewaambia watu barazani kwamba swichi ile ikiwashwa, gari hili hupanda mlima wa barafu. Hakuna aliyenibishia kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mlima wa kunijaribia.

Jumapili ya pili yake, saa moja asubuhi, binti yangu alinigongea mlango. Alikuwa amevaa buibui na raba za michezo, funguo za gari mkononi.

"Baba, ndoo twende. Barafu i tayari."

Njiani alinieleza. Kwa miaka miwili amekuwa akiwafunga bandeji wafanyakazi wa ghala moja la samaki wa kugandishwa. Kila Jumapili asubuhi watu hao hukwangua barafu iliyoota kwenye kuta za vyumba vya baridi, huimwaga uani kwa matoroli, na kila Jumapili mmoja wao huteleza akaja zahanati ameshika kiuno. Binti yangu alikwenda kuzungumza na msimamizi wao, naye akakubali kututandazia barafu hiyo. Mimi nimepita mbele ya lango la ghala hilo miaka thelathini na sikuwahi kuiona barafu hiyo, kwa kuwa Jumapili nilikuwa nyumbani nimelala. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Msimamizi alikuwa mtu wa bara, ana suti na tai ya kanisani, na miguuni viatu vya mpira virefu. Watu wake walikuwa wameitandaza barafu kwa makoleo juu ya saruji, unene wa kiganja, kuanzia langoni hadi karibu na ukuta. Ilikuwa inatoa moshi wa baridi na juu ilikuwa imeanza kuloa.

"Shikamoo mzee," akaniambia. "Tumejaribu kuisawazisha. Ila nina ibada saa nne."

Nikasema nitaanza mimi, ili binti aone inavyofanywa. Binti yangu akasema alikuwa ameangalia mafunzo kwenye simu wiki nzima, na la kwanza wanalofundisha ni kutokanyaga breki kwa ghafla. Nikamwuliza hao wa kwenye simu wameendesha lori miaka mingapi. Akanipa funguo.

Niliwasha ile swichi. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, na nakiri nilijisikia vizuri sana. Nikaingia kwa mwendo wa mtu anayetazamwa. Nilipofika katikati, msimamizi aliinua mkono kunionyesha pa kusimama, nami nikafanya anavyofanya dereva yeyote aliyekulia Shimanzi. Sisi breki na honi hatujui kuzitenga. Mkokoteni ukijitokeza mbele yako, mguu unakanyaga na mkono unapiga, vyote pamoja, na baada ya miaka hiyo yote viungo havingoji tena amri yako. Nikakanyaga, nikapiga. Gari likageuka. Nikauona ukuta, nikaziona winchi za bandarini, nikamwona binti yangu, nikauona ukuta tena. Likaishia kinyumenyume ndani ya rundo la magunia matupu kando ya ukuta, na honi bado inalia kwa sababu mkono wangu ulikuwa umesahau kutoka.

Msimamizi alikuja kwa hatua ndogondogo, akainama dirishani. "Mzee," akasema kwa heshima, "barafu haisikii honi."

Nilishuka nikisema matairi yamekwisha. Taa moja ya nyuma ilikuwa imepasuka, na wale watu wa makoleo walikuwa wote wametazama upande mwingine, mabega yakitikisika.

Binti yangu akasogeza kiti mbele, akafunga mkanda, akasoma Bismillahi. Aliingia kwenye barafu kwa mwendo ambao kobe angeulalamikia. Msimamizi alipoinua mkono, aliondoa mguu kwenye mafuta, akaigusa breki kidogo, akaachia, akagusa tena. Mkia wa gari ukaanza kwenda kushoto. Nikafumba jicho moja. Yeye akazungusha usukani taratibu kuufuata mkia ulikokwenda, gari likanyooka, likasimama hatua moja tu kutoka kwa msimamizi. Watu wakagonga makoleo chini kwa furaha.

"Mara moja ni bahati," nikasema.

Akarudia, akasimama palepale. Nikasema sasa kwa rivasi, akaenda kwa rivasi. Nikasema sasa akate kona kule ukutani, na hiyo ndiyo iliyomtoa jasho, kwa maana gari liliteleza mpaka nikaona ukuta unalisubiri. Hakupiga breki wala honi. Alingoja, mikono yake imetulia, mpaka magurudumu yakashika tena, akaja kusimama mbele yangu.

Nikaanza kuangaza macho uani nitafute jambo la tano. Jua lilikuwa limepanda juu ya mapaa ya maghala, na barafu ilikuwa inageuka uji. Binti yangu akateremsha kioo.

"Baba," akasema, "barafu yayeyuka. Wataka nipite, ama wataka nishindwe?"

Hakusema kwa hasira. Msimamizi akatazama saa yake, akaondoka kwenda kuzungumza na watu wake. Mimi nikabaki nimesimama, maji ya barafu yakiniingia kwenye makubadhi.

Nilitaka ashindwe. Nilikuwa nimetaka hivyo tangu ile Ijumaa ya pilau, na barafu haikuwa na kosa lolote. Mimi nina miaka sitini na tisa. Kwetu maiti hailazwi. Ukifa asubuhi, Alasiri umekwisha kuzikwa, na hakuna ndege inayotoka huko kaskazini ikafika hapa kabla ya Alasiri. Nilikuwa nimezipiga hesabu hizo kitandani usiku baada ya usiku, na sikumwambia mtu, hata mama yake. Niliogopa kwamba nikimpungia mkono uwanja wa ndege, ndiyo mara ya mwisho, na kwamba atakaporudi atakuta mchanga umekwisha kukauka. Niliogopa sana, na nikauita woga huo barafu.

Nikazunguka gari, nikafungua mlango wa abiria, nikaingia. Sikuwa nimewahi kukaa upande ule wa gari langu.

"Umepita," nikamwambia.

"Na radhi?"

"Radhi unayo. Unayo tangu siku uliyozaliwa, mwanangu. Sikuwa na nyingine ya kukunyima. Nilikuwa nakuzungusha tu."

Nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake, kama alivyonifanyia marehemu baba yangu nilipokwenda kuoa, nikamsomea dua. Nusu niliisoma kwa sauti, nusu nikaimalizia moyoni. Nilipoondoa mkono, akaushika ufunguo, akauachia. Mikono ile ambayo ukuta haukuitia hofu sasa haikuweza hata kugeuza ufunguo. Akalia, kilio cha mtoto, kile cha kwikwi, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye kisanduku cha mbele. Kisha tukabadilishana viti.

Tulimshukuru msimamizi, naye akatufungulia lango, akawahi ibada yake. Kutoka Shimanzi hadi nyumbani kwetu, asubuhi ya Jumapili, ni mwendo wa dakika kumi. Nilipitia Kizingo, kule mwisho wa kisiwa, nje ya njia yetu. Niliendesha kwa gia ya pili chini ya miti, barabara tupu, sina jamaa huko wala shughuli, nikazunguka mara moja, kisha nikazunguka tena. Binti yangu azijua barabara za kisiwa hiki kama mimi. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akatazama nje, wala hakuniuliza tunakwenda wapi.